Oili ya Gia ya Injini ya Boti: Tuibadilishe kwa Zana za Kujitengenezea

Wewe unayeishi kandokando ya Ziwa Victoria huna haja ya kufundishwa faida ya injini ya boti. Unaijua. Unajua pia balaa la injini inayokatika katikati ya ziwa usiku, upepo umeanza na kasia ni moja tu. Somo letu la leo linahusu kitu kidogo kinachoweza kuleta balaa hilo.

Kitu hicho ni oili ya gia. Ni oili iliyo chini kabisa ya injini, ndani ya mguu unaozama majini, pale propela inapofungwa. Katika injini ya nguvu za farasi 15 ni kama robo lita. Haijazi hata chupa ya soda. Lakini ikiharibika, gia husagika, na gia mpya hainunuliwi kwa bei ya soda.

Tutajifunza jinsi ya kuitazama oili hiyo, kuimwaga na kutia nyingine. Tutatumia zana ambazo unaweza kuzitengeneza mwenyewe kwa chupa, mpira na bolti.

OILI ISIYOPUNGUA

Hebu tusikilize kwanza mazungumzo haya. Ni mfano tu, lakini ukienda mwaloni wowote utayasikia. Mvuvi mzee ameleta injini yake kwa fundi kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Injini inanisumbua. Nikitia gia inagonga huku chini, ka, ka, ka, halafu inaruka."

"Oili ya gia ulibadilisha lini, mzee?"

"Oili? Mbona nachanganya na petroli kila siku!"

"Hiyo ni nyingine, mzee. Nauliza ya huku chini."

"Ahaa, ya huko chini. Hiyo haipungui, mwanangu. Tangu ninunue injini hii miaka 3 iliyopita haijapungua. Sasa niimwage ya nini?"

Mzee huyu si mjinga. Anayosema ni kweli: oili ya gia haiungui wala haipungui kama sanduku lake ni zima. Lakini kutopungua si kutochakaa. Mwangalie mama anayekaanga samaki sokoni. Mafuta yake hayaishi kwa siku moja, lakini akiyatumia siku nyingi yanakuwa meusi na kunuka. Mafuta yapo, uzuri wake umekwisha. Oili ya gia ni hivyohivyo. Tena yenyewe ina adui wa pili ambaye mafuta ya kukaangia hayana: imezungukwa na maji siku zote.

Hapa tutofautishe oili, maana watu huzichanganya. Injini nyingi za zamani na baadhi ya zinazouzwa hadi leo ni za mipigo miwili. Hizo oili yake huchanganywa na petroli, nayo huungua pamoja nayo. Injini za mipigo minne zina oili yao ndani ya injini, juu, kama gari. Oili ya gia si hiyo wala si ile. Injini zote mbili zinayo, na iko peke yake, chini. Usitie ya injini mahali pa ya gia, hata kama umeishiwa.

KWA NINI IKO HUKO CHINI

Injini ya boti imesimama wima. Nguvu yake hushuka kwa chuma kirefu kinachozunguka ndani ya mguu. Lakini propela haizunguki kuelekea chini, inasukuma maji kuelekea nyuma. Kwa hiyo nguvu lazima ipinde kona. Kona hiyo inapindwa na gia, yaani magurudumu ya chuma yenye meno yanayoumana. Ukisukuma mkono wa gia mbele, meno ya mbele yanashika. Ukirudisha nyuma, yanashika ya nyuma.

Nguvu yote inayosukuma boti, watu, barafu na samaki inapita katika meno hayo machache. Yanasukumana na kusuguana kwa nguvu nyingi mno. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando mwembamba wa oili. Ndiyo sababu oili ya gia ni nzito, na ina dawa maalumu ndani yake ya kuvumilia msukumo huo.

Sasa ndipo kusoma kunapotusaidia. Ukienda dukani usiseme tu "nipe oili". Shika kopo, soma maandishi yake. Tafuta SAE 90, au 80W-90. Kando yake kuna herufi GL na namba 4 au 5. Kitabu cha injini yako kinasema ipi inatakiwa. Injini nyingi za Yamaha, kwa mfano, zinataka oili ya gia SAE 90. Kama kitabu kimepotea, nenda na mtu mwenye injini ya aina hiyohiyo ambaye kitabu chake kipo. Muuza duka akikwambia "zote ni sawa", ujue anataka kuuza iliyopo.

MIEZI SITA YA NANI?

Vitabu vingi vya injini husema hivi: badilisha oili ya gia kila baada ya saa 100 za kazi, au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Injini mpya hubadilishwa mapema zaidi mara ya kwanza, mara nyingi baada ya saa 10 au 20, kwa sababu meno mapya yanaposuguana hutoa unga wa chuma.

Wengi wakisomewa maneno hayo hushika "miezi 6" na kusahau "saa 100". Tufanye hesabu. Mvuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi. Tuseme anaingia ziwani usiku 20 kwa mwezi. Kwenda, kuzunguka na kurudi, injini inafanya kazi saa 5 kila usiku. 20 mara 5 ni 100.

Umeona? Saa 100 zimetimia kwa mwezi mmoja. Ile miezi 6 ni ya mtu anayetembea na boti siku za mapumziko. Wewe si mtu huyo. Kwako wewe, oili ya gia ni kazi ya kila mwezi, na siku za mbalamwezi, boti likiwa nchi kavu, ndizo siku zake. Lita 1 ya oili inatosha injini ya farasi 15 mara 4. Kwa mwaka mzima ni lita 3. Linganisha bei ya lita 3 na bei ya seti ya gia uliyoulizia mara ya mwisho, kisha uamue.

SKRUBU MBILI

Tazama mguu wa injini yako. Utaona skrubu mbili kubwa. Moja iko chini, kwenye kichwa cha gia, karibu na lile pezi la chini kabisa. Hiyo ni ya kutolea oili. Ya pili iko juu yake, karibu na ubapa uliolala juu ya propela. Hiyo ni ya kupimia kimo, na ndiyo mlango wa hewa.

Angalia sana. Katika baadhi ya injini, hasa za zamani, kuna skrubu nyingine karibu na ile ya chini, yenye kichwa cha alama ya msalaba. Hiyo inashikilia mkono wa kubadilishia gia huko ndani. Ukiifungua, mkono unaachia, na itabidi mguu wote ufunguliwe. Kama huna uhakika, uliza fundi akuonyeshe mara moja, kisha uweke alama ya rangi kwenye zile mbili za oili.

Jambo kubwa la somo hili ni hili: oili inatolewa kwa chini, na kutiwa vilevile kwa chini, sio kwa juu.

Watu hushangaa. Mbona kila kitu tunakijaza kwa juu? Fikiri asali. Jaribu kumimina asali kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Asali inaziba mdomo, hewa ya ndani haina pa kutokea, unaona imejaa kumbe chini ni tupu. Ndani ya sanduku la gia kuna vyumba na kona nyingi. Ukitia kwa juu, hewa inanaswa. Oili inatoka kwenye tundu, unasema "imejaa", unafunga. Kumbe umetia nusu. Ukitia kwa chini, oili inapanda polepole na kuisukuma hewa mbele yake mpaka itoke yote kwa tundu la juu.

Tatizo ni kwamba tundu la chini ni dogo na limekaa ubavuni. Huwezi kumimina humo kwa kopo. Madukani kuna pampu ya kazi hiyo, ya kupachika juu ya kopo la oili. Kama kijijini kwenu kuna ushirika wa wavuvi, nunueni moja mtumie wote. Kama hakuna, tengeneza hii.

CHUPA YA KUNING'INIZA

Unahitaji chupa ya plastiki ya maji ya lita 1 na kifuniko chake, mpira mnene wa petroli wa urefu wa mita moja na robo hivi, bolti ndefu moja, nati yake, na waya mwembamba wa kufungia.

Anza na bolti, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Fungua skrubu ya chini ya injini (baada ya kuweka chombo cha kukinga), uifute, uende nayo dukani. Usikisie kwa macho. Chukua nati inayoingia kwenye skrubu hiyo kwa vidole bila kulazimisha, kisha tafuta bolti ndefu inayoingia kwenye nati hiyohiyo, ambayo sehemu yake ya nyuma haina nyuzi, yaani haina ile mikato ya kuzungukia. Injini nyingi za Yamaha zinachukua bolti ya milimita 8. Nyingine zina kipimo kingine, hata cha inchi. Kumbuka kwamba mguu wa injini ni wa aluminiamu, na aluminiamu ni laini. Bolti isiyo yake ikilazimishwa mara moja tu, nyuzi za tundu zinakufa.

Peleka bolti kwa fundi wa kuchomelea mwenye drili. Akate kichwa, kisha aitoboe katikati kutoka mwanzo hadi mwisho, tundu la milimita 4. Mwambie aifunge vizuri kwenye jiriwa na kuitoboa taratibu, akitia oili. Bolti sasa imekuwa bomba dogo. Isafishe kwa mafuta ya taa na kuipuliza kwa nguvu. Chembe moja ya chuma ikibaki humo, wewe mwenyewe ndiye utakayeitia kwenye gia.

Upande wenye nyuzi, zungushia nati, kisha mbele yake weka pete ya mpira uliyoikata kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Utakapoifunga bolti kwenye injini kwa vidole, utaisogeza nati mbele ibane pete hiyo, na oili haitavuja pembeni. Upande usio na nyuzi, chomeka mpira wa petroli. Uingie kwa shida kidogo. Zungushia waya, ukaze.

Sasa chupa. Toboa kifuniko tundu dogo kuliko unene wa mpira. Kata ncha ya mpira mshazari, kama unavyochonga kalamu ya mwanzi, uipenyeze kutoka ndani ya kifuniko, kisha uivute. Mpira utajibana wenyewe. Acha ndani kipande kifupi tu, urefu wa nusu kidole. Mwisho toboa kitako cha chupa. Kitako hicho ndicho kitakachokuwa juu, na tundu hilo ndilo la kuingizia hewa. Bila hilo oili itashuka kidogo kisha igome.

Wapo wanaotaka kutumia mpira wa dripu ya hospitali kwa sababu unapatikana na unaonyesha ndani. Usitumie. Ni mwembamba mno kwa oili nzito. Utakaa hapo mpaka jua lizame.

ZANA NYINGINE TATU

Ya kwanza ni bisibisi. Skrubu za oili zina mfuo mpana, na huwa zimekaza. Bisibisi nyembamba inateleza na kuula mfuo, na skrubu ikishaliwa hivyo ni taabu tupu. Mwone mhunzi anayetengeneza visu kwa springi za gari. Akukatie kipande kifupi, ainoe ncha yake kwa tupa mpaka ijae mfuo wa skrubu yako bila kucheza. Juu kipande hicho kitobolewe, ipite nondo fupi ya kushikia kwa mikono miwili. Utapata nguvu ya kutosha, tena bila nyundo kubwa.

Ya pili ni kigingi cha kusimamishia injini. Chimbia nguzo mbili imara, ugongomee ubao mnene kati yake, kwa kimo kile cha nyuma ya boti lako. Injini ifungwe hapo isimame wima kabisa. Ikiinama, kipimo cha oili kitakudanganya. Injini ya farasi 15 ina uzito unaozidi kilo 30, kwa hiyo ubao wa kuungaunga haufai. Na usije ukaiwasha ikiwa hapo kavu. Pampu yake ya maji ina mpira ndani, na mpira huo huungua upesi bila maji.

Ya tatu ni beseni la kukingia. Dumu la lita 5 likatwe ubavuni kwa urefu. Ukipata la rangi nyeupe ni bora zaidi, kwa sababu tunataka kuiona oili inayotoka. Weka karibu na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kama ya jemu.

KAZI YENYEWE

Fanya kazi hii asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha mchanga. Injini iwe imesimama wima tangu jana yake. Chomoa waya wa plagi kwanza, ili injini isiwake kwa bahati mbaya wakati mkono wako uko kwenye propela. Futa mguu wote kwa kitambaa, hasa kandokando ya skrubu.

Legeza skrubu ya chini kidogo tu, usiitoe. Ngoja uone kinachodondoka kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama maji yameingia na injini imelala imetulia, matone ya kwanza yatakuwa maji. Kinga matone hayo kwenye chupa ya kioo. Kisha toa skrubu yote, halafu toa na ya juu. Oili itashuka vizuri mara hewa inapopata njia. Iache imalizike. Usiwe na haraka. Vuta tumbaku kama unavuta, lakini mbali na petroli.

Chukua skrubu zako uzitazame. Kila moja ina washa, pete ndogo ya kuzuia maji. Washa hizi ndogo ndizo zinazolinda sanduku zima. Zibadilishe kila mara. Hapa nasema wazi: usijitengenezee washa kwa tyubu ya baiskeli. Ile pete ya zana yetu inakaa dakika chache, ndiyo maana inafaa. Mpira wa tyubu ukikaa ndani ya oili wiki kadhaa huvimba na kuwa laini kama ugali, na maji yanaingia. Nunua washa za injini hiyo, weka akiba nyumbani.

Ning'iniza chupa juu ya ubao, mita moja hivi juu ya tundu la chini, kifuniko kikitazama chini. Kunja mpira na kuufunga kwa kamba ili oili isishuke kwanza. Mimina oili mpya kwa tundu la kitakoni. Unaweza kulipanua liwe kama mdomo wa kikombe. Kama asubuhi ni ya baridi, weka kopo juani kwanza, oili ipate wepesi. Usiipashe motoni.

Shusha ncha ya bolti juu ya beseni, achia mpira kidogo mpaka oili itoke bila mapovu, kunja tena. Sasa funga bolti kwenye tundu la chini, bana nati, na uachie mpira. Oili inashuka kwa uzito wake yenyewe. Robo lita itachukua dakika kadhaa. Wewe kazi yako ni kutazama tundu la juu.

Kwanza utasikia hewa. Halafu mapovu. Halafu oili. Ikianza kutoka, kunja mpira usubiri dakika 10, ili mapovu yaliyobaki yapande. Achia tena mpaka oili itoke safi, bila povu hata moja.

Sasa funga skrubu ya juu KWANZA, na uikaze. Hapa wengi hukosea, wanaanza na ya chini. Umewahi kunywa pombe kwa mrija? Ukiziba mrija juu kwa kidole na kuuinua, kinywaji hakidondoki, kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Sanduku la gia likizibwa juu linafanya vivyo hivyo. Kunja mpira, fungua bolti, na papo hapo ingiza skrubu ya chini yenye washa mpya. Vitapotea vijiko viwili vitatu tu. Kaza vizuri, lakini kumbuka aluminiamu.

Futa mguu wote ukauke. Kesho yake pitisha kidole chini ya kila skrubu na nyuma ya propela. Pakiwa pakavu, rudi kazini.

KUSOMA OILI CHAFU

Usiimwage oili ya zamani kabla hujaisoma. Ndiyo, oili nayo inasomwa. Itie kidogo kwenye chupa ya kioo, uinyanyue kwenye jua.

Ikiwa ya rangi ya asali au kahawia, na haina harufu kali, gia zako ziko salama. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, umechelewa kubadilisha, punguza muda. Isugue kati ya vidole. Unga laini wa chuma, hasa kwa injini mpya, si ajabu. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari mbaya. Meno au beringi zinavunjika. Usirudi ziwani na injini hiyo mpaka fundi aifungue.

Ikiwa nyeupe-nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Na hapa ndipo ninapotaka wavuvi wa nyavu na wa ndoano wasikilize zaidi ya wengine.

Maji hayo yameingilia wapi? Huenda washa zimechoka. Lakini mara nyingi mkosaji ni nailoni. Unapopita juu ya nyavu, au uzi ukikatika, kipande chake hujizungusha kwenye chuma cha propela. Kinaingia nyuma, kati ya propela na mguu, mahali ambapo macho hayafiki. Pale ndani kuna sili, yaani mpira wa duara unaozuia maji yasiingie na oili isitoke. Nailoni inayozunguka nayo inabana, inapata moto, inaikata sili. Wewe huko juu huoni kitu. Injini inakwenda. Usiku ule ule maji yanaanza kuchukua mahali pa oili, na kutu inaanza kwenye beringi.

Kwa hiyo, kila unapobadilisha oili, toa na propela. Chomoa pini, fungua nati, ivute. Panga vipande vyake chini kwa mfuatano ulivyovitoa, ili urudishe hivyohivyo. Toa nailoni yote kwa koleo, usikwaruze chuma. Paka grisi kwenye chuma cha propela kabla hujairudisha, na pini ikiwa imechoka weka mpya.

Kama sili imekatika, zana zetu za nyumbani zimefika mwisho wake. Wapo wanaojaza grisi nyuma ya propela wakidhani itaziba. Haizibi. Sili hubadilishwa na fundi, na kipande chenyewe si ghali kama kitakachoharibika ukiiacha. Akishabadilisha, usingoje mwezi: baada ya siku 3 au 4 legeza tena skrubu ya chini uone kama kuna tone la maji.

OILI CHAFU NA DAFTARI

Oili iliyotoka itie kwenye dumu lenye kifuniko, iandike OILI CHAFU kwa herufi kubwa, watoto wasije wakadhani ni mafuta ya kula. Usiimwage mwaloni. Maji hayo ndiyo tunayochota. Likijaa, lipeleke kwa gereji inayokusanya oili, au upake nguzo za uzio zinazoliwa na mchwa, mbali na maji na visima. Wapo wanaopaka oili chafu kwenye vidonda vya watu na vya ng'ombe. Hiyo si dawa, ni sumu. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Halafu chukua daftari. Andika tarehe, aina ya oili, rangi ya oili iliyotoka, na kama umekuta nailoni. Chini yake, kila urudipo kutoka ziwani, andika saa ambazo injini imefanya kazi. Mfano:

Tarehe 3. Oili mpya SAE 90. Iliyotoka nyeusi, hakuna maji. Nailoni kidogo.
Tarehe 4. Saa 5.
Tarehe 5. Saa 4.
Tarehe 6. Upepo, hatukwenda.

Jumlisha kila wiki. Ukimkodisha mtu injini, daftari liende pamoja nayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tunatia oili ya gia kwa tundu la chini?

2. Skrubu ipi inafungwa kwanza? Mwonyeshe mwenzako sababu kwa kutumia mrija na kikombe cha maji.

3. Injini ya jirani imetoa oili ya rangi ya chai ya maziwa. Ameimwaga, ametia mpya, na kesho anataka kwenda ziwani. Mtamwambia nini?

4. Kikundi kina boti 6. Kila injini inachukua robo lita, na inabadilishwa kila mwezi. Kwa miezi 12 kikundi kinahitaji lita ngapi? Ulizeni bei ya lita 1 dukani kwenu, kisha mpige hesabu ya kila boti litachangia kiasi gani kwa mwezi.